Kigoda cha kukunja cha miguu ya Mama

Mama anauza vitumbua barazani kwake, Ngamiani, Tanga. Ikifika alasiri miguu imemjaa, anainyoosha juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, ndoo inateleza, naye anaitukana tusi nisiloweza kuliandika hapa. Nikamwambia nitamtengenezea kigoda cha kuwekea miguu. Akatoa sharti moja tu: kikunjike. Magharibi kila cha barazani huingizwa ndani, na ndani hakuna pa kuweka hata sindano.

 Atakayekibeba kila siku ni Mama, kwa hiyo nilianza kufikiria mbao nyepesi. Msonobari wa Sao Hill ni mwepesi na banda lolote la mbao linao, ila ni laini: kunja kunjua, tundu la bolti linapanuka, na kigoda kinaanza kucheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Nikaangukia mtiki. Muheza si mbali na kuna shamba la miti la Longuza, na kwa fundi milango hukosi masalio ya bei ya kuelewana. Aliyeniuzia alinipa na somo: "Kaka, mtiki una mafuta. Ufute na tina kabla ya gundi, la sivyo unajidanganya."

Kwa kukunja nilikuwa nimeshaamua bawaba: ubao juu, miguu inalazwa chini yake. Nikamchorea Mama kwenye kipande cha boksi. Alikuwa anakuna nazi. "Bawaba za nini? Hii niliyoikalia ina bawaba?"

Mbuzi nimeiona tangu nazaliwa sijawahi kuitazama. Mbao mbili zimepishana kama mkasi, na anayeikalia ndiye anayeikaza kwa uzito wake. Marufaa ya kuwekea msahafu ni hivyo hivyo. Miguu ya bawaba isiyo na kizuizi, ukiisukuma kidogo tu kwa kisigino, inajikunja yenyewe.

Nikajaribu kuchonga ule mpishano kwa patasi. Ubao ukapasuka kwa urefu wake wote. Kazi ya mbuzi ina wenyewe. Nikarudi kwenye fremu mbili, ya ndani nyembamba kuliko ya nje, zikipishana katikati kwa bolti mbili zenye washa. Nati moja hulegea kadiri unavyokunja, kwa hiyo kila bolti ina nati mbili zinazobanana.

Juu nilitamani ushupatu wa miyaa, yaani ukanda uliosukwa kwa majani, kwa sababu ni wa baridi na ni wa kwetu. Lakini kigoda cha aina hii hukunjwa pamoja na kitambaa chake, na miyaa ikikunjwa pale pale kila siku inakatika. Turubai linachoma ngozi kwa joto. Kamba ya mkonge inakwaruza kisigino. Nikatoa jinzi yangu ya zamani, ikawekwa tabaka mbili, na fundi viatu akaishona kwa uzi wake ule wa nailoni.

Hapo ndipo nilipokosea hesabu. Miguu ya kigoda ina urefu wa sentimita 50, nami nikakata kitambaa cha 32 kwa kuona kinatosha. Kigoda kikasimama sentimita 38, magoti ya Mama yakapanda kama ya mtu aliyepanda bodaboda. Kitambaa ndicho breki: kikiwa kifupi, miguu haitanuki, kigoda kinarefuka. Fundi viatu akafumua, akaongeza kipande, kitambaa kikafika 38, na kimo kikashuka hadi 32. Namba zimebadilishana nafasi tu, nikacheka peke yangu pale kwenye benchi lake.

Sasa Mama anakitumia vizuri, ila mtoto wa jirani akikikuta wazi anakikalia, na Mama hamfukuzi. Halafu ncha za bolti zimetokeza, juzi zimenasa kanga yake mpya. Jumamosi narudi na msumeno wa chuma kuzikata.