Tufaha lenye ngozi ya kiazi

Mume wangu alidhani nimeleta viazi. Kilo mbili, rangi ya kahawia, ngozi inakwaruza kama msasa, na moja lina kovu kubwa. "Hapa umepigwa," akasema. Nikamkatia kipande. Akanyamaza, halafu akanyoosha mkono kuomba kingine.

Ni Ashmead's Kernel, tufaha la Gloucester, hapa Uingereza, la tangu miaka ya 1700 hivi. Ukiling'ata linaanza na ukali kama wa ukwaju, utamu unafuata taratibu, mwishoni unasikia peasi kwa mbali. Yale mekundu ya supamaketi yanang'aa kweli, ila mdomoni ni maji na sukari.

Sasa kila Oktoba nazunguka vibanda vya wakulima hapa Kent. Nimefika hadi Brogdale, karibu na Faversham, kwenye mkusanyo wa taifa wa matunda: aina zaidi ya 2,000 za matufaha! Mbegu ya tufaha haitoi tunda kama la mama yake, kwa hiyo aina hizi za kale zimevuka karne kwa kubebeshwa tu, yaani kikonyo (kijitawi) cha mti wa zamani kinapachikwa kwenye shina la mti mwingine, kikonyo baada ya kikonyo.

(Kwetu Tanga tofaa ni tunda jingine kabisa. Mama bado ananibishia kwenye simu.)

Yaliyobaki nimeyafunga moja moja kwa gazeti, nikayaweka gereji. Muuzaji alisema yatazidi utamu kuelekea Krismasi. Niliweka kumi na moja. Jana nimehesabu manane.