Nilivyoukwepa Mtego wa Hatua Sita

Mwaka jana nilisafiri kutoka Jinja hadi Kampala kushiriki mashindano ya sataranji ya wachezaji wa kawaida, nikashindwa mchezo wa kwanza kwa hatua sita, hata chai niliyoinunua mlangoni ilikuwa bado ya moto. Nilikuwa na kete nyeusi, nikacheza ufunguzi (mpango wa hatua za mwanzo) wa Caro-Kann, unaobeba majina ya Horatio Caro na Marcus Kann waliouchambua mwaka 1886: mweupe anasogeza kitunda, kete ndogo ya mstari wa mbele, hadi e4 (herufi na namba hutaja mraba wa ubao), mweusi anajibu kwa kitunda c6, kisha mweupe d4 na mweusi d5. Farasi wake alipotoka c3 nilikila kitunda cha e4, farasi huyo akakila changu, nami nikaleta farasi d7. Hapo akamweka malkia e2, hatua inayoonekana ya kizembe kwa kuwa inamfungia tembo wake mwenyewe, kete inayokwenda mshazari. Bila kufikiri nikamtoa farasi wa pili hadi f6. Farasi wake akarukia d6, na mfalme wangu akafa akiwa amezingirwa na watu wake, kwani kitunda cha e7, ambacho kingemla farasi yule, kilikuwa kimebanwa na malkia na hakikuweza kuondoka bila kumwacha mfalme wazi.

Rafiki zangu walinishauri nibadili ufunguzi. Sikukubali, aliyekosea ni mimi. Kila jioni nilipanga kete zile mezani jikoni, nikajizoeza kutaja kwa sauti kila kete ya mpinzani inatazama wapi kabla ya kugusa yangu, jambo lililowachekesha sana wanangu.

Mwaka huu, katika raundi ya tatu, kijana wa sekondari alimweka malkia e2 palepale. Nilitumia dakika nne kati ya thelathini zangu, kisha nikampeleka f6 farasi wa d7, yule wa g8 nikamwacha nyumbani. Akamla, nikalipiza kwa farasi wa g8, na njia ya tembo wangu wa c8 ikafunguka ilhali tembo wake wa f1 bado alikuwa amekwama nyuma ya malkia. Baadaye nilipata kitunda cha ziada, lakini zilipobaki ngome na vitunda kijana alinizidi ujuzi, tukatoka sare.

Tulipokwisha kutia saini matokeo alizipanga kete upya, kama zilivyokuwa malkia wake alipofika e2.

“Mzee, kwa nini hukumtoa farasi wa g8?”

Nikamweka f6. Yeye, bila neno, akatabasamu na kumweka wake d6.