Kila Alama Ina Tarehe Yake: Kutafuta Stika Sahihi za Modeli ya Ndege ya Kivita

Waundaji wengi wa modeli za ndege za kivita huchagua kwanza boksi la vipande vya modeli, kisha hutafuta stika za kuipamba modeli hiyo. Mimi hufuata mpangilio ulio kinyume: huanza na picha moja ya ndege moja, iliyopigwa katika kipindi ninachoweza kukitaja, ndipo ninapotafuta karatasi ya stika inayokubaliana na picha hiyo. Alama za ndege za Vita Kuu ya Pili ya Dunia hazikuwa za kudumu. Zilibadilishwa kwa amri, wakati mwingine mara mbili ndani ya miezi michache, na ndege ileile iliweza kuwa na sura tatu kabla ya kutunguliwa au kuondolewa kazini.

Nembo ya taifa iliyopakwa kwenye ndege za Marekani inalionyesha jambo hili vizuri. Hadi Mei 1942 nyota yake nyeupe ilikuwa na duara jekundu katikati, ambalo liliondolewa ili lisidhaniwe kuwa jua jekundu la ndege za Japani. Mwishoni mwa Juni 1943 ziliongezwa pau mbili nyeupe pembeni, pamoja na ukingo mwekundu uliozunguka nembo nzima, lakini ilipofika Agosti mwaka huohuo iliamriwa kwamba ukingo huo uwe wa bluu. Kwa hiyo stika zenye ukingo mwekundu, ambazo hupendwa kwa sababu zinavutia macho, zinafaa kipindi kifupi sana, ingawa vikosi vingine vilichelewa kupaka upya na kukirefusha kidogo.

Kwa upande wa Uingereza, ambako nembo ni maduara ya rangi yaliyo moja ndani ya jingine, mtego uko katika upana wa duara. Nembo iliyowekwa ubavuni mwa ndege za kivita za Uingereza aina ya Spitfire za mwaka 1940 ilikuwa na duara la nje la njano lenye upana wa kuonekana kutoka mbali, ilhali ile iliyoanza kutumika katikati ya 1942 ilipunguziwa njano na nyeupe ili ndege isionekane kwa urahisi. Nembo hii ya baadaye, kwenye ubavu wa ndege ndogo za kivita, ilikuwa na kipenyo cha inchi 36, yaani milimita 914, hivyo katika kipimo cha 1/48, yaani modeli iliyo ndogo mara 48 kuliko ndege halisi, inapaswa kuwa milimita 19, na katika 1/72 milimita 12.7. Rula ndiyo mtihani wa kwanza ninaoipa karatasi yoyote ya stika. Kosa la milimita moja katika 1/72 ni kosa la zaidi ya sentimita saba kwenye ndege halisi, na jicho hulitambua hata pale ambapo mtazamaji hawezi kueleza kinachomkera. Rangi nayo huchunguzwa: nyekundu ya Waingereza wakati wa vita ilikuwa imefifishwa, karibu na rangi ya tofali, na stika yenye wekundu unaong'aa ni ya ndege za miaka ya amani.

Ugumu wenyewe huanza pale picha inapokuwa shahidi asiyesema kweli yote. Filamu nyingi nyeusi na nyeupe za enzi hizo zilikuwa za aina ya othokromati, ambayo haihisi mwanga mwekundu. Katika picha zake nyekundu hutokea kama nyeusi, njano huwa nzito kuliko macho yanavyoiona, na bluu huwa nyepesi. Duara la njano linaweza kuzama kabisa ndani ya rangi za kujificha, na mtu akaapa kwamba halikuwepo. Wajerumani nao walitumia rangi za namba kutofautisha vikosi vidogo ndani ya kundi: nyeupe kwa cha kwanza, nyekundu kwa cha pili, njano kwa cha tatu, lakini baadhi ya vikosi vya pili vilitumia nyeusi badala ya nyekundu. Basi namba inayoonekana nyeusi pichani inaweza kuwa yoyote kati ya hizo mbili, na mabishano juu yake hayawezi kumalizwa kwa kuikodolea macho picha hiyohiyo. Yanahitaji kumbukumbu za kikosi, au picha nyingine iliyopigwa kwa filamu tofauti.

Ushahidi ninaouamini kidogo kuliko wote ni picha za rangi za ndege zilizokarabatiwa na zinazoruka leo. Nyingi zimepakwa alama za rubani mashuhuri ambaye hakuwahi kuigusa ndege hiyo, na anayezinakili hunakili uamuzi wa karakana.

Mistari mieupe na myeusi iliyopakwa kwenye ndege za Washirika kwa ajili ya uvamizi wa Normandy ina somo lake. Kwenye ndege za injini moja kila mstari ulikuwa na upana wa inchi 18, na mingi ilipakwa haraka kwa brashi siku chache kabla ya tarehe 6 Juni 1944. Mwezi mmoja hivi baadaye ilianza kufutwa juu ya mabawa na ubavu, ikabaki chini tu. P-51, ndege ya kivita ya Marekani, yenye mistari kamili haiwezi, basi, kubeba pia alama za ushindi (za ndege za adui zilizotunguliwa) ambazo rubani wake alizipata mwezi Oktoba, ingawa nimewahi kuona karatasi ya stika iliyoviunganisha viwili hivyo bila aibu. Mistari hii ni afadhali kuipaka kwa mkono, kwa kuwa stika huifanya minyoofu kupita kiasi.

Linabaki swali la upande wa pili. Mara nyingi picha iliyopo ni ya ubavu mmoja, na mchoraji wa stika hujaza upande mwingine kwa kukisia. Kwenye ndege za Marekani jina na mchoro wa puani vilikuwa aghalabu upande wa kushoto, na upande wa kulia ungeweza kuwa mtupu au kubeba jina jingine lililochaguliwa na fundi wa ndege. Nisipopata picha ya upande huo, huweka nembo, namba na herufi za kikosi peke yake, na mchoro wa kukisia huuacha kwenye karatasi yake.