Jeti ya Mjomba na Ukoka wa Nyapara

Mjomba wangu alipostaafu ufundi wa ndege huko Uarabuni alirudi Tanga na mizigo michache, na mmoja wapo ulikuwa sanduku refu la mbao ambalo hakumwachia mchukuzi yeyote. Lilikaa sebuleni kwake Chumbageni zaidi ya mwaka mzima, limefunikwa kitambaa, wageni wakidhani ni kabati. Ndani yake mlikuwa na ndege ya jeti ya kurushwa kwa rimoti. Injini yake ilikuwa ya jeti kweli, inayochoma mafuta, si feni ya umeme iliyofichwa tumboni.

Mabawa yake, kutoka ncha hadi ncha, yalikuwa mita 2. Ikijazwa mafuta ilifika kilo 12 hivi. Injini ilikuwa na kipenyo cha sentimita 10 na urefu wa sentimita 25 tu, lakini ilisukuma kwa nguvu ya kilo 10, na ikikolea gurudumu lake lilizunguka zaidi ya mara 120,000 kwa dakika. Mimi nilikuwa nimetoka kumaliza mafunzo ya umeme wa magari, kwa hiyo Mjomba alinikabidhi betri na nyaya. Yaliyobaki yote aliyashika mwenyewe, isipokuwa jambo moja ambalo hakulijua: nyasi.

Vibali vilipopatikana, meneja wa shamba moja la mkonge upande wa Pongwe alituruhusu tutumie uwanja wao wa zamani. Ulichongwa enzi ambazo wakubwa wa mashamba walisafiri kwa ndege ndogo. Ndege hizo zilipoacha kuja, ng'ombe wakauchukua. Ukisimama katikati unaona mistari ya mkonge pande zote, milingoti imechomoza juu, na magharibi milima ya Usambara imekaa kwa mbali. Urefu wake ulikuwa kama mita 500, nasi tukaona ni zaidi ya tunachohitaji.

Jeti ndogo na nyasi hazipatani, na sababu si moja. Magurudumu yake ni madogo, nyasi zinayakamata. Ndege ya panga (propela) ikiwa bado chini, upepo wa panga lake unapuliza mkia, na rubani anaweza kuinua pua mapema. Jeti haipulizi mkia wake kabisa. Mpaka ishike kasi, usukani wa mkiani ni kama haupo, na wakati huohuo gurudumu la mbele linachimba. Tena injini yenyewe haikurupuki: ukiifungulia mafuta inachukua sekunde kadhaa kupanda kutoka mzunguko wa chini hadi wa juu. Mjomba aliyajua haya yote. Alikuwa amebadilisha magurudumu, akaweka makubwa, na miguu yenye springi inayorudi nyuma ikigonga kichuguu.

Meneja ndiye aliyetuunganisha na mzee mmoja aliyeishi kambini. Kila mtu alimwita Nyapara, ingawa unyapara alishauacha siku nyingi. Siku ya kwanza tulimkuta barazani kwake. Mjomba akampa shikamoo, kwani mzee yule alimzidi umri sana, kisha akamweleza kwamba anataka nyasi zikatwe mpaka zibaki sentimita 3. Nyapara alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema hapana.

"Ule ni ukoka, mwanangu," alisema. "Ukiunyoa siku moja hivyo, unabaki udongo mtupu. Magurudumu yatazama, na vumbi litaingia kwenye hicho kidude chako. Tuukate juu kwanza. Ukishatambaa tuushushe. Ukishatambaa tena, tuushushe."

Mjomba alitaka kuruka wiki ileile. Alimtazama yule mzee, akakunja karatasi yake, akaitia mfukoni. Nampendea Mjomba hilo mpaka leo.

Kazi ilichukua sehemu kubwa ya Juni, masika yameisha na ardhi inakauka. Trekta ya shamba ilipita na mashine ya kufyekea, kisha vijana wakamalizia kwa mafyekeo kandokando ya vichuguu. Baada ya kila mkato kinamama wa kambini walikuja na reki wakakusanya majani yote. Mjomba alisisitiza sana hilo, akawalipa vizuri. Nyasi iliyokatwa ikakauka ni adui mara mbili: gurudumu la mbele hulirusha jani juu, tundu la hewa likalivuta ndani hadi kwenye mapanga ya injini, na nyuma, moshi unaotoka una joto la nyuzi 500 au 600, ukikuta majani makavu ni moto.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni Nyapara akiukagua uwanja. Alivua makubadhi yake, akayashika mkononi, akatembea peku kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, polepole, akikanyaga kwa kisigino kwanza. Pale alipohisi shimo la fuko alisimama, akachomeka kijiti cha mlingoti. Alipofika kama theluthi ya uwanja kutoka upande wa kaskazini alisimama muda mrefu. Kwa macho sikuona tofauti yoyote, ukoka ulikuwa kijani sawasawa na kwingine. Akaniita. Nikavua viatu nikakanyaga alipokanyaga. Ardhi ilikubali kidogo chini ya kisigino, ikawa baridi. "Hapa maji yanalala," alisema. Akachomeka vijiti vinne kuzunguka eneo lile.

Tuliruka Julai, upepo wa kusi umeshika. Usiku wa kuamkia siku hiyo tulichanganya mafuta nyumbani. Injini hizi hutumia mafuta ya taa, na hazina tangi la oili. Oili inachanganywa humohumo ili mafuta yakipita yalainishe beringi. Lita 20 za mafuta ya taa kwa lita 1 ya oili ya tabaini, yaani oili ya injini za jeti. Mafuta ya taa yalikuwa yamekuwa ghali tangu serikali ipandishe kodi yake mwaka 2011 kukomesha uchakachuaji wa dizeli, kwa hiyo hatukumwaga hata tone. Tuliyachuja mara mbili. Mjomba aliunyanyua mrija wa plastiki kwenye taa akitafuta mapovu ya hewa, maana povu moja likifika kwenye injini angani, moto unazimika, na hapo ndege inakuwa jiwe lenye mabawa.

Asubuhi tulifika mapema. Mjomba alitandika mabati mawili ya zamani nyuma ya ndege ili joto lisiguse nyasi. Mimi nikapewa mtungi wa kuzimia moto, wa gesi ya kaboni, si wa unga, kwa sababu unga unaiua injini hata kama umeiokoa na moto. Nikaonyeshwa pa kusimama: nyuma kidogo, kamwe si ubavuni sambamba na gurudumu la injini, kwani likipasuka vipande vyake hutokea huko. Nyapara alisimama pembeni yangu na ndoo ya maji na matawi mabichi ya mwarobaini.

Kwanza ilisikika mota ndogo ya umeme ikizungusha gurudumu. Kisha mlio mfupi wa "pu", na ulimi wa moto ukachungulia nyuma, ukarudi ndani. Kwenye kioo kidogo namba za joto zikakimbia, 300, 450, 600, zikasita, zikashuka. Mlio ukapanda, ukapanda tena, mpaka mzunguko ukakaa 33,000, huo ndio wa chini kabisa. Hewa nyuma ya bomba ilikuwa inatetemeka na mkonge wa mbali ukacheza ndani yake. Nikasikia harufu ya koroboi, kwani mafuta ni yaleyale.

"Korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, ikianza kazi inanguruma kutoka tumboni," Nyapara aliniambia sikioni. "Hii inalia kwa puani."

Mjomba akaiweka mwisho kabisa wa kaskazini, ili apate urefu wote, pua ikielekea upepo. Akafungua mafuta. Ndege ikaondoka vizuri, ikakimbia, na ilipoingia eneo la vijiti ikawa kama imeshikwa mkia. Pua ikainama. Mjomba akakata mafuta papo hapo, nayo ikasimama wima bila kuumia. Umande ulikuwa bado haujakauka na magurudumu yalirudi yamejaa ukoka.

Mjomba hakusema kitu. Tulizima injini, mota ikaendelea kuizungusha yenyewe kuipooza. Nyapara alikwenda pale penye alama za magurudumu, akarudi, akasema tungoje saa nne umande uondoke, na tusianzie mwisho wa uwanja. Tuanzie ng'ambo ya vijiti.

"Tutapoteza zaidi ya mita 150, mzee," Mjomba alisema.

"Hizo huna. Unazihesabu tu."

Nimeshakaa na watu wengi wa mchezo huu tangu siku ile, na swali lao la kwanza huwa urefu wa uwanja. Kwenye nyasi hilo ni swali la pili. La kwanza ni ardhi imeshikaje, na hilo halipimwi kwa futi kamba. Mita 300 ngumu na kavu zinaishinda kwa mbali 500 iliyo na kidimbwi kilichojificha katikati, hasa kikiwa mahali ambapo ndege imeshika kasi nusu: haiwezi kuruka na haitaki kusimama.

Tulingoja chini ya mwembe. Nyapara akauliza nani aliyebuni kitu kidogo namna ile, na Mjomba, ambaye kawaida si msemaji, akafunguka. Akamweleza habari za Mjerumani Kurt Schreckling, ambaye miaka ya mwisho ya 1980 alijitengenezea injini ya jeti ya kubeba mkononi wakati wengi wakiamini haiwezekani. Gurudumu la mbele la kukandamiza hewa alilichonga kwa plaiwudi, akalizungushia nyuzi za kaboni lisipasuke kwa mzunguko.

"Nyuzi?" Nyapara alijiweka sawa.

"Nyuzi, mzee. Na gundi."

Yule mzee alikuwa ametumia maisha yake yote kwenye nyuzi. Akaanza kumuuliza Mjomba maswali ambayo mimi nisingeyawaza: zililazwa upande gani, zilikazwa zikiwa kavu au mbichi, zilikatika wapi kwanza. Mjomba alijibu aliyoyajua. Walizungumza hivyo mpaka jua likapanda, na nikawaona wawili wale wamekuwa mafundi wa kazi moja.

Saa nne na nusu tuliwasha tena, ng'ambo ya vijiti. Mjomba alifungua mafuta taratibu, akivuta usukani nyuma tangu mwanzo ili gurudumu la mbele likishapata upepo lipunguziwe mzigo. Ukoka ulilala chini ya magurudumu na kuinuka nyuma yake. Pua ikawa nyepesi, ikainuka kidole kimoja, viwili. Kisha nikaona mwanga kati ya magurudumu na nyasi.

Sitaeleza sana mambo ya angani. Ilikuwa dakika sita. Miguu ilijikunja, ndege ikageuka juu ya mkonge, ikapita mbele yetu chini kwa kasi ambayo sauti ilikuja baada yake, na watoto wa kambini wakapiga kelele mpaka ng'ombe wakainua vichwa. Mjomba uso wake haukubadilika hata kidogo. Alikuwa anaisikiliza injini.

Kutua ndiko kulikomtoa jasho. Kwa kuwa injini inachelewa kujibu, mtu hawezi kuamua dakika ya mwisho kwamba anarudi juu. Mjomba alizunguka mara moja, mafuta hakuyafunga yote, akaileta chini ndefu na tambarare. Nyapara alikuwa ameshakwenda kusimama kando ya vijiti, amenyoosha mkono kuonyesha ardhi ngumu inapoanzia. Magurudumu ya nyuma yaligusa hatua chache mbele ya mkono ule. Pua ilikaa juu, ikakaa, ikashuka yenyewe. Nyasi ziliisimamisha bila breki.

Nilikimbia na mtungi wangu na bati moja nikalisukuma chini ya bomba. Mota ikazungusha hewa ndani mpaka joto likashuka chini ya nyuzi 100. Mlango mmoja mdogo wa mguu ulikuwa umeng'oka, basi. Mjomba alinikumbatia, akamtafuta Nyapara amshike mkono, hakumwona. Mzee alikuwa ameinama nyuma kabisa, pale ndege ilipogusa, anaingiza kidole kwenye mfereji wa magurudumu kupima kina chake. Akatuita.

"Imeshika," alisema. "Sasa pale penye maji tusipaache hivi. Pachimbwe, tujaze udongo wa kichuguu, tuushindilie. Huo ukikauka haunywi maji. Halafu vuli zikianza tupande ukoka juu yake."

Mjomba akatoa daftari. Walikaa palepale nyasini wakahesabu matoroli ya udongo, vibarua, na dizeli ya trekta, na kabla jua halijageuka walikuwa wameshakubaliana bei.