Ugonjwa au dawa yake?
Kila ninapolinganisha bakteria wa utumbo na vipimo vya sukari ya damu, jambo la kwanza ninalotaka kujua ni dawa anazotumia mgonjwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015, uliounganisha data za Denmark, Uswidi na China, ulionyesha kwamba baadhi ya tofauti zilizodhaniwa kuwa alama ya kisukari cha aina ya pili zilitokana na metformini, dawa ya kushusha sukari ya damu, ambayo huongeza bakteria wa jenasi ya Escherichia. Modeli ya takwimu isiyozingatia dawa huusingizia ugonjwa, tena kwa takwimu za kuvutia kabisa. Isitoshe, vipimo vya bakteria kwa kawaida ni vya uwiano, yaani huonyesha sehemu ya kila kundi katika jumla, si idadi yake halisi: kundi moja likiongezeka, mengine huonekana kupungua hata kama hayajapungua, ndiyo maana mimi hukokotoa kwanza logi za uwiano, yaani logariti za uwiano kati ya kundi moja na jingine.