Mama Anauliza Chumvi

Wete, Jumapili, baada ya saa sita usiku

Nimeimaliza Battlestar Galactica, tamthilia ya Kimarekani ya watu wanaotangatanga angani. Nimechelewa, najua. Sehemu ya mwisho ilioneshwa Marekani tarehe 20 Machi 2009; wenye kuitukana wameshatukana, wenye kuisifu wameshasifu, na wengi wameshaisahau. Mimi flashi nilipewa na mpwa wangu alipokuja likizo. Akasema, "Anza na ile ya 2003, na usiniulize kitu mpaka umalize." Basi nimetazama yote, usiku kwa usiku baada ya Isha, kompyuta juu ya kigoda, Mama pembeni na lundo lake la karafuu. (Anayetaka kuitazama mwenyewe aishie hapa. Kuanzia sasa namwaga mtama.)

Ni msimu, na usiku ndiyo saa ya kuchambua. Unakishika kishada, unakisukumia kwenye kiganja cha mkono wa pili, karafuu zinadondoka, konyo linabaki, unalitupa kwenye pakacha lake. Mama haangalii mikono. Macho yalikuwa kwenye kioo kama yangu, na kwa kuwa Kiingereza hakijui, kazi ya kufasiri ilikuwa yangu. Nimegundua kwamba tamthilia ukishaanza kumfasiria mtu, kasoro zake huna pa kuzificha. Unausikia mdomo wako unasema, "Huyu alikufa, sasa karudi, lakini hakuna anayejua karudi vipi," na unaona haya kama vile umeitunga wewe.

Hadithi yenyewe: watu waliunda mashine wakaziita Cylon, mashine zikaasi, zikajipa sura za watu, kisha siku moja zikaziteketeza kwa nyuklia dunia zote kumi na mbili walizokaa binadamu. Wakanusurika elfu hamsini hivi, ndani ya meli za angani, wakilindwa na manowari moja kuukuu, Galactica, na kuongozwa na rais ambaye asubuhi ya siku hiyo alikuwa waziri wa elimu. Laura Roslin. Mama alimpenda tangu nilipomwambia zamani alikuwa mwalimu. Roslin ana ubao mweupe anaoandikia idadi ya waliobaki. Akifa mtu anafuta, akizaliwa mtoto anafuta, anaandika upya. Kila usiku kabla hatujaanza Mama aliniuliza, "Wamebaki wangapi?"

Mpaka mwisho walibaki elfu thelathini na nane.

Nusu ya kwanza ya sehemu ya mwisho ni vita ya kumwokoa mtoto Hera, ambaye mama yake ni Cylon na baba yake ni binadamu. Vita nzuri, moshi mwingi, sina la kusema. Galactica inavunjika mgongo. Kara Thrace, yule rubani aliyekufa akarudi, anabonyeza namba alizozitoa kwenye noti za wimbo, meli inaruka bila kujua inarukia wapi, na inapotulia kuna mwezi, na nyuma ya mwezi kuna dunia. Hii yetu. Kisha majani marefu, swala, na Roslin anayekaribia kufa kwa saratani ameegemea, anatazama wanyama.

Mama akasema, "Hapo si Serengeti?"

Walipigia picha Kanada, British Columbia, lakini sikutaka kumharibia.

Wanajificha kwenye majani, wanawachungulia kwa darubini watu wengine, watu wa hapa, wamebeba mikuki. Wakubwa wanajadiliana. Hawa, wanasema, hawana hata lugha. Tutawapa yaliyo mazuri yetu. Na Lee Adama, kijana wa kamanda, anatoa rai: tusijenge mji. Tuziache meli, silaha, mitambo, kila kitu, tutawanyike duniani tuanze upya, labda safari hii mduara wa kuunda mashine na kuuliwa nazo utakatika. Na watu elfu thelathini na nane wanakubali. Mmoja tu, wakili, anasema anashangaa walivyokubali kirahisi. Hata mimi, wakili wangu. Hata mimi.

Maana mimi nimewahi kujaribu. Si kwa hiari, lakini nimejaribu. Sehemu hiyo ilioneshwa Machi 2009. Miezi tisa baadaye, Desemba, umeme ulikatika Unguja nzima. Waya unaouleta kutoka bara kwa chini ya bahari uliharibika, na haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Nilikuwa nakaa kwa shangazi Michenzani, ghorofa ya tano. Asiyewahi kukaa zile nyumba ndefu hajui kwamba maji nayo hupanda kwa umeme. Tulikuwa tunayapandisha kwa ndoo, ngazi kwa ngazi, na kila ghorofa kuna mtu kaweka ndoo chini anahema. Wavuvi walikuwa wakiuza samaki jioni kwa bei ya kutupa kwa sababu barafu hakuna. Vibanda vyenye jenereta vilichaji simu za mtaa mzima, simu arobaini kwenye meza moja, kila moja ina kipande cha karatasi chenye jina. Kandili zilitolewa stooni. Wazee walikaa barazani wakasema, ah, ndivyo tulivyoishi zamani, na hewa ilikuwa nzuri.

Wiki ya kwanza walisema hivyo. Usiku uliporudi umeme, Michenzani yote ilipiga kelele kwa pamoja, vigelegele kutoka madirisha yote, kama bao la fainali. Shangazi aliwasha pasi. Hakuwa na nguo ya kupiga. Aliwasha tu, akaigusa kwa kidole kilichotiwa mate, ikalia chss, akacheka mpaka akakaa. Sikumwona mtu hata mmoja aliyeililia kandili.

Kwa hiyo wanaponionesha wanawake wenye watoto mgongoni, wanapanda kilima na begi moja moja, nyuso zimetulia, na meli zao zote zinaelekezwa kwenye jua na Sam Anders, Cylon aliyelazwa ndani ya beseni, huku ukipigwa muziki wa ile Galactica ya kwanza ya 1978, natambua kwamba natakiwa kulia. Na muziki ni mzuri kweli. Lakini hapo ndipo Mama aliposimamisha mikono, kwa mara ya kwanza usiku ule.

"Wamezitupa zote?"

"Zote."

"Na chumvi wataitoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Wale wako katikati ya nyika, bahari hawajaiona. Akaendelea: mbegu wanazo? Nani kati yao mkunga? Yule daktari mzee anayevuta sigara, dawa zake kaziacha kwenye meli? Nikamwambia wana dawa na vyakula vya kuanzia, nadhani. Akasema, "Vya kuanzia," kwa sauti anayoitumia kwa watu wanaotaka kukopa.

Nilitaka kumwambia kuna kisa chetu kinachofanana. Kila mtoto wa pwani amesimuliwa majahazi saba yaliyotoka Shirazi na baba na wanawe; moja likashuka Kisiwa cha Kijani, ambacho wengi wanasema ndiyo Pemba hii, na jengine Kilwa. Wanahistoria wanakitilia shaka kisa hicho na wana sababu zao. Lakini angalieni kilivyotungwa. Huko Kilwa mgeni anaposhuka, kisiwa kina mwenyewe. Kuna mazungumzo. Kuna bei: nguo, nguo za kutosha kukizunguka kisiwa kizima. Waliotunga kisa, wawe wameongeza chumvi kiasi gani, hawakuthubutu kusema kwamba wenyeji walikuwa hawana ulimi. Walijua msikilizaji angeuliza. Na hakuna jahazi lililochomwa. Jahazi ni mali, kesho unarudi nalo Ghuba kutafuta tende.

Hapa kwenye Galactica, watu wa hapa wanaonekana kwa mbali tu, kwenye kioo cha darubini, na hakuna anayekwenda kuwasalimia. Misimu minne tamthilia hii imenifundisha kutomwita mtu "kitu" kwa sababu ya alivyozaliwa. Ilimchukua Cylon, adui, ikanifanya nimlilie. Kisha ilipofika kwetu haikupata hata sentensi moja ya kumpa mwenye nyumba. Hili linaniudhi kuliko malaika waliotiwa humo, kuliko Kara kutoweka katikati ya mazungumzo kama moshi wa ubani. Kutoweka kwa Kara mimi nimekukubali. Mama pia. "Kenda zake," alisema, kama mtu aliyeshaona wengi wakienda hivyo.

Halafu wanaruka miaka 150,000, tuko New York, mtu anasoma jarida (huyo mtu ni Ronald D. Moore mwenyewe, aliyeitengeneza tamthilia), na tunasikia habari iliyomo: yamepatikana mabaki ya binti aliye mama wa sote, aliyeishi mahali ambapo sasa ni Tanzania. Huyo ni Hera.

Nikasimamisha. Nikarudisha nyuma. Nikamfasiria.

"Wamesema Tanzania?"

"Wamesema."

"Bara," akasema, akachukua kishada kingine.

Na kwa jiografia yuko sawa. Unguja, bahari ilipokuwa imeshuka enzi za barafu, iliungana na bara. Unaweza kufika kwa miguu. Pemba haikuungana. Mkondo kati yetu na bara ni wa kina kirefu, na hiki kimekuwa kisiwa tangu kabla hajazaliwa mtu wa kukiita hivyo. Hera angetaka kuja Wete ingembidi atafute ngalawa, na ngalawa wamezitupa juani.

Jambo la mama wa sote si la kubuni lote. Kuna sehemu ya urithi wetu inayopita kwa mama peke yake, mama kwa binti, na mwaka 1987 watafiti watatu, Cann, Stoneking na Wilson, waliifuata kurudi nyuma wakaishia kwa mwanamke mmoja wa Afrika, kwa makadirio yao miaka 200,000 hivi iliyopita. Hakuwa mwanamke wa pekee wa zama zake, na hapo watu wengi hukosea. Ni kwamba nasaba za kikeni za wenzake zilikatika mahali fulani, yake haikukatika. Sasa hesabuni. Hera baba yake binadamu, mama yake Cylon. Kinachopita ni cha mama. Maana yake, kwa mujibu wa tamthilia hii, kuumeni unaweza kuwa na nani unayemtaka, lakini kukeni sote, mimi, wewe, na Mama na karafuu zake, ni mashine. Hii naona ni kali kuliko meli zote kuingia juani, na wameipitisha kwa sentensi moja, barabarani, huku watu wanapita. Hapo nawavulia kofia.

Roslin amefia kwenye chombo kidogo, Adama mzee, yule kamanda, anarusha, anamweleza mahali atakapojenga nyumba yao. Anageuka, kashakufa. Anavua pete yake, anamvika. Mama akasema "Inna lillahi" na mikono haikusimama. Baadaye Adama amekaa peke yake kilimani karibu na kaburi la mawe, anamweleza nyumba itakavyokaa, jua litatokea upande gani. Sina hoja dhidi ya hapo.

Lakini kilichonishika ni Gaius Baltar. Kwa asiyemjua: ni mwanasayansi, mwenye maneno, muoga, aliyewafungulia Cylon mlango kwa ajili ya mwanamke. Msimu wa tatu anafichua kwamba kwao ni Aerilon, dunia ya wakulima, na kwamba alipokuwa mtoto alijifundisha kuzungumza kama watu wa Caprica, dunia ya wenye hadhi, ili asijulikane katoka wapi. Anaionesha ile lafudhi yake ya zamani, mara moja tu, na inamtoka kama jino.

Mimi nilipelekwa skuli mjini nikiwa na miaka kumi na tatu. Siku ya kwanza mwalimu kaniuliza natoka wapi, nikajibu, na kabla sijafika sentensi ya pili darasa zima linacheka. Hawakucheka nilichosema. Mwezi mmoja baadaye nilikuwa nazungumza kama mtoto wa Ng'ambo, na likizo ya kwanza nilipopiga simu nyumbani, Mama alinyamaza kidogo akauliza, "Nani mwenzangu?"

Baltar yuko kwenye majani na Caprica Six, yule mwanamke wake wa Kicylon. Wameona pahala pa kukaa, pana udongo mzuri. Anamwambia, kilimo anakijua kidogo. Na sauti inamkatika. Ndiyo hayo tu.

Nikamfasiria Mama: "Anasema, kulima anajua kidogo."

"Basi na yule mwanamke atakula," akasema.

Nimeirudia mara tatu. Mara ya tatu Mama akauliza kama flashi imekwama.