Tumbo baada ya antibiotiki: saa ya mtindi na maji ya ORS

Antibiotiki hazichagui. Amoksilini unayomeza kwa ajili ya koo inaua pia bakteria wa utumbo mpana, na hao wana kazi yao. Wanachachusha nyuzinyuzi za chakula na kutoa butireti, chakula cha seli za ukuta wa utumbo. Wanawanyima wadudu wageni nafasi. Tena wanaichochea kinga itoe kingamwili za IgA, zinazonasa virusi kwenye ute kabla havijagusa seli. Ila si kila kirusi kinanufaika wakitoweka: kwa panya wa maabara, norovirusi huenea vizuri zaidi bakteria wakiwepo. Kwa hiyo anayekuuzia kopo la probiotiki (bakteria au hamira hai wa kumeza) akisema "linazuia virusi vya tumbo" amezidisha.

Ukiamua kuzitumia, chunga saa. Probiotiki za bakteria ziachane na antibiotiki kwa saa 2 au zaidi, la sivyo unazimeza zikauawe. Saccharomyces boulardii ni jamii ya hamira, kwa hiyo antibiotiki haiigusi. Dawa za fangasi ndizo huiua. Asipewe mtoto njiti, mwenye kinga dhaifu sana, wala aliyewekewa mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu, kwani inaweza kuingia kwenye damu.

Joto letu nalo ni adui. Kopo lililoandikwa 2–8°C, kisha likakaa kwenye rafu ya duka lisilo na friji mwezi wa Februari, huenda limebaki na wafu watupu. Na poda usiikoroge kwenye uji wa moto.

Mtindi wa nyumbani ni rahisi na wa bei nafuu. Chemsha lita 1 ya maziwa, yaache yapoe hadi kidole kivumilie ukihesabu mpaka 10 (kama 43°C), koroga vijiko 2 vikubwa vya mtindi hai (ndio mbegu), funika, acha saa 6 hadi 8. Ukitia mbegu maziwa yangali moto, imekufa. Mtindi uliopashwa moto baada ya kuganda ili udumu nje ya friji haufai kuwa mbegu. Na maziwa yakikataa kuganda kila ukijaribu, shuku ng'ombe aliyetibiwa kiwele: mabaki ya antibiotiki kwenye maziwa huua mbegu pia.

Doksisiklini na siprofloksasini hushikana na kalsiamu ya maziwa, zisiingie vizuri kwenye damu. Meza dawa kwa maji, subiri angalau saa 2 ndipo ule mtindi.

Mtindi hupita tu, hauhamii tumboni. Mwaka 2018 watafiti wa Israel walionyesha kwamba watu waliopewa mchanganyiko wa probiotiki baada ya antibiotiki walichelewa kurudisha bakteria wao wa asili kuliko walioachwa bila kitu. Ndiyo maana naona mbaazi za nazi, maharagwe na ndizi mbichi zina thamani kuliko kopo: zinawalisha bakteria waliobaki.

Kuharisha kukianza, probiotiki ziweke pembeni. Mwaka huohuo wa 2018, majaribio makubwa Marekani na Kanada hayakuona faida ya kuwapa watoto wenye kuharisha laktobasila, aina ya bakteria wa probiotiki. Kinachookoa ni ORS (pakiti ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) na zinki: zinki 20 mg kwa siku, siku 10 hadi 14, na 10 mg kwa aliye chini ya miezi 6. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe ORS ml 50 hadi 100 kila akiharisha, kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10, uendelee polepole. Anyonyeshwe kama kawaida.

Hapa Mombasa kuna kosa la pekee: kukoroga ORS kwa maji ya kisima yenye chumvi. Pakiti imepimwa kwa maji yasiyo na chumvi. Ukiongeza chumvi ya kisima, sodiamu inapanda na mtoto anazidi kukauka. Tumia maji yasiyo na ladha ya chumvi, yaliyochemshwa na kupoa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Dafu haliwi badala yake: lina potasiamu nyingi, sodiamu kidogo mno.

Antibiotiki iliyobaki kabatini usimpe, haiui kirusi. Kinyesi chenye damu, macho yaliyotumbukia, kushindwa kunywa au kulegea: mpeleke hospitalini saa hiyohiyo, huku ukimnywesha njiani akiweza kumeza.